Nyuso Zisizo na Majina: Uhakiki wa Picha, Barua na Simulizi za Kanisa katika Hifadhi za Kidijitali

UTANGULIZI

Miaka thelathini iliyopita, mwanafunzi wa theolojia aliyetaka kuona picha za mwanzo wa Kanisa letu kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru hakuwa na njia ila kusubiri mfadhili wa kumpeleka Ujerumani, au kuridhika na picha nne tano zilizorudiwa-rudiwa katika vijitabu vya sikukuu za jubilei. Leo mwanafunzi huyo huketi mbele ya kompyuta ya maktaba, huandika jina la mahali, na mara huletewa makanisa, shule, masoko, mifereji, harusi na mazishi, pamoja na nyuso za watu waliolala katika Bwana miaka mingi kabla yeye hajazaliwa. Jambo hili ni jema, nasi twawashukuru wote walioligharimia na kulifanyia kazi.

Hata hivyo, kazi ya mhakiki haiishii katika kushukuru. Katika makala hii tunakusudia kuipima hazina hii kwa vipimo vile vile tunavyovitumia darasani tunapofafanua andiko: nani amesema, amemwambia nani, kwa kusudi gani, na ni nani aliyekuwapo lakini hakupewa nafasi ya kusema. Tutachukua mfano mmoja tunaoufahamu kwa karibu, yaani picha, barua na simulizi zinazohusu kazi ya Misheni ya Leipzig katika nchi ya Wachaga, Wameru na Waarusha. Hoja yetu ni hii: hifadhi za kidijitali zimeturudishia nyuso za wazee wetu, lakini kwa sehemu kubwa zimezirudisha bila majina. Majina hayo hayatapatikana Ulaya wala Marekani. Yatapatikana, kama bado yanapatikana, katika vitabu vya ubatizo na vinywani mwa wazee wa sharika zetu. Kwa sababu hiyo jambo hili linamhusu mchungaji wa usharika kabla ya kumhusu mtaalamu wa kompyuta.

1. HAZINA YENYEWE

Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, baada ya wenzao wa Kianglikana kulazimika kuondoka Moshi mwaka uliotangulia. Walifungua kituo cha Mamba mwaka 1894, na cha Kidia, Moshi ya Kale, mwaka 1896. Kwa Wameru walianza kazi Nkoaranga mwaka 1902, na kwa Waarusha mwaka 1904. Misheni iliishi kwa sadaka za sharika za Ujerumani, na sharika hizo zilitaka kuona kazi waliyoitolea. Basi pamoja na barua na taarifa zikapelekwa picha, nazo zikachapwa katika majarida ya misheni, zikafanywa kadi za posta, au zikaonyeshwa ukutani kwa taa.

Picha nyingi za Leipzig sasa zinaonekana katika Hifadhi ya Kimataifa ya Picha za Misheni, inayotunzwa na maktaba ya Chuo Kikuu cha Southern California mjini Los Angeles. Humo zimewekwa pamoja na picha za Misheni ya Basel, za Wamoraviani wa Herrnhut, za Wanorwe wa Stavanger, za Wakatoliki wa Maryknoll, na za wengineo. Nyaraka za misheni yenyewe zimetunzwa katika Taasisi ya Francke mjini Halle. Majarida ya zamani ya misheni, ambamo barua nyingi zilichapwa, nayo yameanza kupigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuwekwa kwenye intaneti. Kwa upande wa simulizi, ipo kamusi ya wasifu wa Wakristo wa Afrika iliyoanzishwa mwaka 1995 chini ya uongozi wa Jonathan Bonk na ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Boston. Kamusi hiyo husomwa bure, na wasifu wake mwingi umeandikwa na walimu na wanafunzi wa vyuo vya Afrika kutokana na mahojiano na ndugu, majirani na washarika wa marehemu.

Lakini mlango wa hazina hii una ufunguo wake. Anayetafuta Machame hana budi kuandika pia Madschame. Moshi aiandike Moschi. Wachaga awatafute kwa jina la Dschagga, na Arusha kwa jina la Aruscha. Tumewaona wanafunzi wakiacha kutafuta baada ya dakika kumi, wakidhani kijiji chao hakimo, kumbe kimo kwa tahajia ya mtu wa Saxony. Tangu hatua ya kwanza, basi, mtafutaji hulazimika kuiita nyumba yake kwa sauti ya mgeni. Hilo si kosa la waliotengeneza katalogi, maana walilazimika kufuata maandishi waliyoyakuta. Ni alama tu ya kutuonya kwamba hata mpangilio wa hazina hii unamfuata aliyeandika.

2. MAELEZO YA PICHA NI ANDIKO

Msomaji wa kawaida hudhani picha hujieleza yenyewe, na kwamba maneno yaliyo chini yake ni nyongeza tu. Sisi tunaona kinyume chake. Picha bila maneno huweza kusema mambo kumi. Maelezo ndiyo yanayoamua ni lipi kati ya hayo kumi litasikika. Kwa hiyo maelezo ya picha ni andiko, na andiko lina mwandishi, lina msomaji aliyekusudiwa, lina mazingira.

Tunawafundisha wanafunzi, kwa kufuata njia aliyoionyesha Hermann Gunkel katika Mwanzo na Zaburi, kuuliza andiko lilitumika wapi katika maisha ya watu kabla halijawa kitabu. Tuulize swali hilo hilo hapa. Mahali pa picha ya misheni katika maisha palikuwa ukumbi wa usharika huko Ujerumani, jioni ya baridi, ambapo taa iliangaza picha juu ya kitambaa cheupe, msemaji akaeleza, watu wakaimba, na mwisho sadaka ikapitishwa. Katika ukumbi ule jina la msichana wa Kidia halikuwa na kazi. Kilichohitajika ni aina: huyu mpagani, huyu mwanafunzi, huyu Mkristo. Ndiyo sababu picha zikapangwa mara kwa mara mbili mbili, ya kabla na ya baada, aliyevaa ngozi na aliyevaa shuka jeupe. Mtu mmoja mmoja alisimama badala ya kundi zima, na aliyesimama badala ya kundi haulizwi jina.

Basi msomaji akifungua katalogi leo atakutana na utaratibu unaojirudia. Mpiga picha, akijulikana, ana jina. Mlima una jina. Kituo kina jina. Mke wa misionari aliyeketi katikati ana jina. Watu thelathini waliosimama nyuma yake ni wanafunzi, au wanawake wa Kichaga, au washarika. Tarehe mara nyingi huwa pana, pengine miaka kumi na zaidi. Haki inatudai tukiri kwamba wapo waliotajwa: mamangi, baadhi ya walimu, baadhi ya wasaidizi wa wamisionari. Lakini hao ni wachache, na wengi wao ni wanaume.

Kuna jambo jingine ambalo maelezo hayalisemi, nalo linatokana na kamera yenyewe. Vioo vya kupigia picha vilikuwa vizito na ghali, tena vilihitaji mwanga mwingi. Ndani ya nyumba ya Kichaga ya zamani, iliyoezekwa kwa majani mpaka chini, mwanga haukutosha. Ndiyo maana picha nyingi ni za uwanjani: mbele ya kanisa, mbele ya shule, chini ya mti. Mama anayemfundisha mtoto Baba Yetu karibu na mafiga, jirani anayeingia usiku kumwombea mgonjwa, mwalimu anayesoma kwa mwanga wa moto, hao hatuwaoni. Asiyelijua hili anaweza kuhitimisha kwamba imani ya wazee wetu ilikuwa jambo la kupanga mistari uwanjani.

3. BARUA, NA PALE ZINAPONYAMAZA

Barua zina heshima kubwa kuliko picha machoni pa mwanahistoria, kwa sababu zina tarehe na sahihi. Lakini nazo zinahitaji kupimwa. Tuchukue habari ya Akeri, ambayo kila mwanafunzi wa historia ya Kanisa huifahamu. Usiku mmoja wa Oktoba 1896 wapiganaji wa Meru na Arusha waliwaua wamisionari Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliokuwa wamefika kuanza kazi. Wachaga waliokuwa wakiwasaidia nao waliuawa pamoja nao. Ovir na Segebrock wakahesabiwa na misheni yao kuwa mashahidi wa imani, na habari zao zikawafikia Wakristo wa Ujerumani katika maandishi ya huzuni na ya kutia moyo.

Wameru wanaposimulia habari hiyo huanza mahali pengine. Husimulia rika la Talala, hofu ya kunyang'anywa nchi, na askari wa Kapteni Kurt Johannes waliokuwa wamepiga kambi jirani, hata mtu wa kawaida asiweze kutofautisha Mzungu wa Injili na Mzungu wa bunduki. Tena hawaishii usiku ule. Huendelea mpaka vita vya adhabu vilivyofuata, ambavyo Johannes alivipigana akiwa pamoja na wapiganaji wengi wa Kichaga: nyumba zilizochomwa, migomba iliyofyekwa, ng'ombe waliotekwa, watu waliouawa. Katika simulizi ya misheni, Akeri ni kifo cha watu wawili. Katika simulizi ya Wameru, Akeri ni mwanzo wa msiba wa nchi nzima. Na Mchaga na Mmeru nao hawaisimulii kwa namna moja, wala hatuna sababu ya kuwataka wafanane.

Hatusemi kwamba barua ni za uongo. Aliyeandika aliandika kwa machozi ya kweli. Tunasema kwamba shahidi mmoja hatoshi, na Torati yenyewe yatutaka tuwe na wawili au watatu. Tena tunauliza swali moja dogo: ni wangapi kati yetu, tuliofundishwa majina ya Ovir na Segebrock tangu shule ya Jumapili, tunaoweza kuwataja kwa majina wale Wachaga waliokufa pamoja nao usiku ule ule?

Jambo la pili kuhusu barua ni ukimya wake. Mwaka 1920 Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Leipzig katika nchi, na hawakurejea mpaka 1925. Msaada wa Walutheri wa Augustana kutoka Marekani ulikuja, lakini watendakazi wao walikuwa wachache mno kwa eneo lile. Anayeipima historia kwa wingi wa barua za Leipzig na picha zake ataona kana kwamba miaka ile Kanisa lililala. Sharika zinakumbuka vingine. Ibada ziliendelea, watoto walifundishwa, wagonjwa walitembelewa, na walioshika kazi ni walimu na wazee wa Kanisa wazawa. Kipindi ambacho Kanisa lilijifunza kusimama kwa miguu yake ndicho ambacho hifadhi ya misheni ina machache ya kutuambia. Sababu ni nyepesi: hifadhi ilijengwa na barua za wageni, na wageni walipoondoka hakukuwa na wa kuandika kwenda Leipzig. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu yake ana mada hapo.

4. SIMULIZI: NGUVU YAKE NA HATARI ZAKE

Isidhaniwe kwamba wazee wetu walikuwa watu wa kusimulia tu, na Wazungu wa kuandika. Nathaniel Mtui, mwalimu wa Marangu, aliandika historia ya Wachaga katika madaftari kati ya 1913 na 1916, na Kathleen Stahl aliyategemea sana madaftari hayo katika kitabu chake cha mwaka 1964 juu ya historia ya Wachaga. Petro Itosi Marealle aliandika kwa Kiswahili habari za maisha ya Mchaga, kitabu kilichotoka mwaka 1947. Hata maandishi makubwa ya Bruno Gutmann, aliyetumika Moshi ya Kale kwa miaka mingi mpaka 1938, yametoka vinywani mwa wazee waliokubali kuketi naye na kumfundisha. Jina lililo juu ya jalada ni moja. Sauti zilizo ndani ni nyingi.

Hapa tunaomba tutoe mfano wa kazi yetu wenyewe, kwa kuwa ndio uliotufanya tuandike. Miaka kadhaa iliyopita tulichapa picha moja kutoka kwenye hifadhi, tukaipeleka katika usharika mmoja wa milimani. Picha ilionyesha wasichana kumi na mmoja wamesimama kwa mistari miwili, wamevaa nguo nyeupe na vitambaa kichwani. Maelezo yalisema ni wasichana wa shule, wa kipindi cha kati ya vita kuu mbili. Jina halikuwapo hata moja.

Tulimpelekea bibi mmoja aliyekuwa amepita miaka themanini. Baada ya salamu na chai aliishika picha, akaisogeza dirishani, akaitazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akasema, "Mchungaji, mwanangu, hawa hawakwenda shule siku hii. Hii ni nguo ya kubatizwa. Mama yangu aliitunza yake sandukuni, tukamzika nayo." Akatuonyesha jinsi kitambaa kilivyofungwa, na kwamba hakikufungwa hivyo siku nyingine yo yote. Halafu akauliza, "Aliyepiga hakuwauliza majina?" Tukamjibu kwamba pengine aliwauliza, ila hakuyaandika. Akasema, "Basi andikeni ninyi."

Tulikwenda ofisini mwa usharika, tukafungua kitabu cha ubatizo. Pembe moja ya kitabu ilikuwa imeliwa na mchwa. Tukakuta Jumapili moja waliyobatizwa wasichana kumi na mmoja, kila mmoja na jina lake la nyumbani, jina la baba yake, na jina jipya la ubatizo. Furaha yetu ilikuwa kubwa, lakini haikudumu. Tulipogeuza kurasa tulikuta siku nyingine, ya mwaka uliofuata, yenye majina kumi na mawili. Na nani ajuaye kama mmoja hakuwa kitandani picha ilipopigwa? Jina la mama yake yule bibi lilikuwa katika ukurasa wa pili. Yeye mwenyewe hakudai kamwe kwamba mama yake yumo katika picha, nasi hatukuthubutu kumwambia kwamba yumo. Tuliandika majina yote ishirini na matatu, tukaeleza sababu za shaka yetu, tukaacha hapo. Tulipanga kurudi na picha nyingine baada ya mavuno. Tuliporudi tulionyeshwa kaburi.

Mfano huu unatufundisha mambo matatu. Kwanza, simulizi ilisahihisha maelezo ya katalogi katika jambo la msingi, yaani siku yenyewe ilikuwa ya nini. Na siku ya kuzaliwa mara ya pili ilikuwa imeandikwa kama siku ya shule. Pili, simulizi peke yake haikuleta majina. Yaliletwa na kitabu cha usharika, ambacho hakimo katika hifadhi yo yote ya kidijitali. Tatu, hata mashahidi wote watatu walipokutana, shaka ilibaki, na ni wajibu kuiandika. Mzee naye huweza kusahau, huweza kuchanganya vizazi viwili, huweza kuusifu ukoo wake na kuupunguza ukoo wa jirani. Tena huweza kuisoma picha kwa kile alichokwisha kusikia kutoka kwa mchungaji. Anayehoji asimwekee jibu kinywani. Aonyeshe picha kwanza, anyamaze, na maelezo ya katalogi ayasome baadaye.

5. JINA NI JAMBO LA KITHEOLOJIA

Huenda msomaji akauliza: kuna faida gani ya kiroho katika kutafuta majina ya watu ambao Mungu anawajua tayari? Tunajibu kwamba Maandiko hayajaona kazi hiyo kuwa ndogo. Mtume Paulo, baada ya kufafanua haki ipatikanayo kwa imani, anafunga Waraka kwa Warumi kwa orodha ndefu ya salamu. Yumo Foibe, wamo Priska na Akila, yumo hata Tertio aliyeshika kalamu. Mhubiri mwenye haraka huiruka sura ya 16 kana kwamba ni kiambatisho. Lakini Paulo hakuona kwamba Injili imekamilika kusemwa pasipo kuwataja walioibeba. Na hata katika orodha ile yupo mama wa Rufo, anayetajwa kwa mwanawe tu. Tangu siku za mitume Kanisa limekuwa na akina mama wa namna hiyo.

Hali kadhalika, amri ya nane, kama Luther anavyotufundisha katika Katekisimo Ndogo, hutudai zaidi ya kuacha kusema uongo; hutudai tumtetee jirani na kumnenea mema. Maelezo yanayomfanya mtu awe mfano tu wa upagani hayamtendei jirani haki, hata kama kila neno lake ni sahihi. Nasi tunaporudia picha hizo katika vitabu vya jubilei na kalenda za dayosisi, pamoja na maelezo yake ya zamani, tunalitoa ushuhuda lile lile kwa mara ya pili, tena bila udhuru wa umbali.

Amri hiyo yatukataza jambo jingine pia. Si kila picha iliyomo katika hifadhi inafaa kuonyeshwa. Zimo picha za wagonjwa, za watu waliovuliwa nguo, za mambo ya jando na unyago ambayo wenyewe hawakuyafanya mbele ya kila mtu. Wakati ule hawakuulizwa. Na watoto na wajukuu wao nao wasipoulizwa leo, tumeongeza kosa juu ya kosa. Chombo cha kidijitali huifanya picha ionekane Los Angeles na Rombo kwa saa moja, lakini hakimwulizi mtu idhini. Kuuliza ni kazi yetu.

Tukumbuke pia jinsi jina linavyoweza kufungua mlango uliofungwa muda mrefu. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli wa Moshi pamoja na wakuu wengine wa nchi, na mabaki ya watu wa Kilimanjaro yakachukuliwa kwenda Ujerumani. Septemba 2023 wenye kutunza mabaki hayo mjini Berlin walitangaza kwamba, kwa kulinganisha vinasaba na vya jamaa walio hai hapa Tanzania, fuvu moja limetambuliwa kuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli. Msaada mkubwa katika kumtafuta ulikuwa kwamba neno Akida lilikuwa limeandikwa juu ya fuvu lenyewe. Neno moja lililoandikwa na mkono usio na nia njema liliwaongoza watu mpaka kwa familia yake baada ya zaidi ya miaka mia moja na ishirini. Je, majina yaliyoandikwa na sharika kwa upendo yatafanya nini?

6. MAPENDEKEZO

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo yafuatayo, yote yakiwa ndani ya uwezo wetu.

(a) Kila mwanafunzi anayekwenda likizo ndefu achukue picha tano za eneo lake kutoka kwenye hifadhi, azichape kwa ukubwa unaomfaa mzee asiyeona vizuri, awatembelee wazee watatu. Aandike jina la msimulizi, siku, mahali, na maneno yenyewe katika lugha yaliyosemwa, kabla ya kuyatafsiri. Jina la msimulizi lisitolewe hadharani pasipo ruhusa yake.

(b) Wachungaji wavihesabu vitabu vya zamani vya ubatizo, kipaimara, ndoa na maziko kuwa nyaraka za Kanisa, si makaratasi ya ofisi. Viinuliwe kutoka sakafuni, vifunikwe dhidi ya unyevu na mchwa, na vipigwe picha ukurasa kwa ukurasa. Simu ya mkononi yatosha kwa kuanzia.

(c) Masahihisho yapelekwe kwa wenye hifadhi, nao waombwe kuyaweka kando ya maelezo ya zamani pasipo kuyafuta hayo ya zamani. Kosa la mwandishi wa kwanza nalo ni sehemu ya historia, na msomaji anapaswa kuona vyote viwili, pamoja na shaka iliyobaki.

(d) Nakala za masahihisho na simulizi hizo zibaki katika maktaba za vyuo vyetu na ofisi za dayosisi, ili tusije tukajikuta tena tunaomba huko nje habari tulizozitoa wenyewe.

(e) Wanaohariri vitabu vya jubilei wasichapishe picha ya mtu yenye maelezo ya jumla tu pasipo kuuliza kwanza katika usharika husika. Wasipopata jina, waandike wazi kwamba jina halijapatikana. Kukiri hivyo ni heshima kubwa kuliko kuandika mwanamke wa Kichaga.

HITIMISHO

Tumeona kwamba picha ilipigwa kwa ajili ya mtazamaji wa mbali, kwamba barua hunyamaza anapoondoka mwandishi wake, na kwamba simulizi ina nguvu na udhaifu wake. Hakuna kati ya hizo tatu inayoweza kusimama peke yake. Zikikutanishwa, na kitabu cha usharika kikiwekwa mezani pamoja nazo, husahihishana kama mashahidi wakweli wanavyosahihishana. Hifadhi za kidijitali zimefanya sehemu yao kwa kutuletea picha mpaka mlangoni. Sehemu iliyobaki haisubiri fedha wala wataalamu. Inasubiri mtu wa kubisha hodi, kuketi, na kuandika.

Wazee waliowajua watu wa picha hizi kwa sura wamebaki wachache sana, na kila msimu tunawazika. Yule bibi hakutupa jina hata moja. Alitupa agizo, na majina ishirini na matatu yaliyo katika daftari letu leo yametokana nalo. Tunaliweka agizo hilo mbele ya wasomaji wetu kama tulivyolipokea: basi andikeni ninyi.